Msemo wa Kwanza

Siku ya kumi na moja ndipo midomo hufunguka. Kabla ya hapo mwanafunzi husikia mwasho tu nyuma ya sikio, pale ilipopachikwa punje, na akilala huota watu wanazungumza chumba cha pili maneno asiyoyashika. Asubuhi hiyo Mwalimu Sikudhani Mhina aliingia darasani na shali mbili mabegani, maana Lushoto ya mwezi wa saba haina huruma, akasimama mbele ya vijana thelathini waliokuwa wamefumbata mikono kwapani. Chuo kilijengwa huku milimani kwa makusudi, ili wanaokwenda kufanya kazi nchi ya Velani waanze kuizoea baridi mapema. Aliwatazama mmoja mmoja, kisha akawauliza kwa Kivelani swali lile lile analoanza nalo kila muhula: mko katika hali gani?

"Tuko salama, tunashukuru, hakuna tatizo," wakajibu wote thelathini kwa Kivelani, kwa mkupuo mmoja, kwa lafudhi safi kama waliozaliwa huko.

Kisha wakatazamana na kuangua kicheko. Binti mmoja wa Mombo alijiziba mdomo kwa kiganja, kana kwamba kuna kitu kimemdondoka. Sikudhani naye akacheka. Miaka minane alikuwa akikiona kicheko kile na hakuwahi kukichoka, kwa kuwa kilikuwa kicheko cha watu waliogundua kwamba wanajua jambo ambalo jana hawakulijua.

Akawaeleza, kama anavyowaeleza wote. Punje ina maneno elfu mbili na mia nne, na misemo mia tatu na kumi na mbili. Maneno hukaa yakisubiri kuitwa: ukifikiria ndoo, ndoo ya Kivelani inakuja ulimini. Misemo haisubiri. Sikio likipata kichocheo chake, msemo hutoka wenyewe kabla mwenyewe hajaamua, kwa sababu mgeni anayesitasita mbele ya watu wenye haraka hudhaniwa mjinga. Na kila msemo ukitoka, punje humpa msemaji utulivu kidogo kifuani, utulivu wa mwanafunzi aliyejibu sawasawa mbele ya darasa, ili mara nyingine asiogope.

Hakuwaeleza kwamba misemo yote aliichagua yeye. Mingine kamati iliijadili ikaikatakata, lakini ule wa kwanza ulikuwa wake peke yake, na aliupigania. Mafundi walitaka swali la hali liachwe wazi, kila mtu ajibu atakavyo. Yeye akawaambia kuwa mtu mwenye adabu hamtupii mwenzake shida zake mlangoni. Kwanza unasema sijambo, unakaa, unakunywa maji, ndipo unasema "ila," na baada ya ila ndiyo habari yenyewe inakuja. Hata msibani tunaitika salama kabla ya kulia. Mafundi wakakubali, wakaipachika sehemu ya kwanza ya adabu ile. Sehemu ya pili, ile ya ila, hawakuiona kuwa ni msemo, naye hakuisisitiza, kwa kuwa aliamini ila huja yenyewe, kila mtu anajua.

*

Mwalimu alimkuta Mashaka Kilo kwenye benchi la nje ya ofisi baada ya swala ya Ijumaa. Sikudhani alimkumbuka mara moja: mtu wa Handeni, mrefu, aliyesoma muhula mmoja na mkewe Mwanamvua miaka mitatu nyuma. Mwanamvua ndiye aliyekuwa akificha mahindi ya kuchoma chini ya dawati, harufu ikamsaliti kila siku. Sasa Mashaka alikuwa amekonda hadi shingo ya koti inampwaya, na mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Mashaka. Hujambo? Umerudi lini?"

"Sijambo, nashukuru, hakuna tatizo," alisema.

Alisema kwa Kiswahili, kwa sauti tulivu, lakini macho yake hayakuwa na utulivu wowote. Kisha akashikwa na kikohozi, kikohozi kirefu kilichomwinamisha hadi magotini, na Sikudhani akabaki amesimama na mkono hewani, hajui amshike wapi. Kilipomwachia, Mashaka alitoa kwenye mfuko wa koti daftari la shule lenye jalada la bluu, akaandika, akamgeuzia asome. Usiniulize hali yangu. Ukiniuliza siwezi kukuambia. Mkono punje haijaushika, imeshika mdomo tu.

Wakaingia ofisini, na mambo mengine yote Mashaka aliyasema kwa mdomo vizuri kabisa. Ilichukua saa nzima. Alieleza kwamba punje, ikikaa mwaka na zaidi, huacha kusikiliza lugha na kuanza kusikiliza maana. Inachosukuma si sauti, ni jibu, na ulimi huchukua lugha yoyote iliyo karibu. Ukiulizwa hali kwa Kivelani, unajibu hivyo. Ukiulizwa kwa Kiswahili, kwa Kizigua, hata mtu akikuuliza kwa ishara ya kichwa, unajibu hivyo hivyo. Na ule utulivu ukishakuingia kifuani unakuwa kama mtu aliyeshiba. Lile ulilotaka kulisema linaonekana dogo, unaliacha.

Sikudhani alimwambia, kwa upole wa kimwalimu, kwamba pengine ni woga tu, kwamba watu wengi hujibu salama kwa mazoea. Hata yeye hujibu hivyo. Mashaka akamtazama namna alivyokuwa ameunyoosha mguu wa kulia pembeni ya meza.

"Kwa heshima yako, mwalimu, naomba nikuulize mimi."

"Niulize."

"Hujambo?"

Goti lilikuwa likimuuma tangu Ramadhani. Usiku lilikuwa likimwamsha. Alikuwa na jibu tayari, maneno matatu tu, goti linaniuma sana, na alifungua kinywa ili ayatoe.

"Sijambo, nashukuru, hakuna tatizo," akasema.

Alijisikia akisema. Akajaribu tena, akaukunja ulimi, na maneno yale yale yakampita pembeni yakatoka. Ndipo utulivu ukamshukia, mtamu, na kwa kitambo alichoweza kukihesabu goti halikuwa na umuhimu. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kupachikwa kila toleo, ili alijaribu kabla ya wanafunzi. Alikuwa na punje miaka minane. Miaka yote hiyo alidhani ni adabu yake. Hofu ilimwingia wakati utulivu ulipoanza kumtoka, hofu ya kweli, ya mtu anayeamka na kukuta mlango wa nyumba yake ulikuwa wazi usiku kucha.

Mashaka akaendelea. Wavelani hawasalimiani kwa kuulizana hali. Wakikutana asubuhi husema asubuhi, basi, kila mtu njia yake. Swali la hali huulizwa na watu watatu tu: daktari, mkaguzi wa kazi na hakimu. Na jibu lake huandikwa kama ushahidi, kwa sababu sheria yao inasema mwili ni wa mwenyewe na neno la mwenyewe juu ya mwili wake halipingwi. Ukishasema uko salama, daktari haruhusiwi hata kukugusa kifua. Mashaka alipimwa mara tisa, na mara zote tisa alijibu vizuri. Kilichomwokoa ni kuanguka juu ya kioo na kukatwa vidole, kwa kuwa damu huonekana bila kuulizwa mtu.

Sikudhani alikumbuka kwamba Mvelani mmoja, fundi, aliwahi kumwambia mwaka ule wa kwanza kuwa kwao swali hilo halina salamu ndani yake. Yeye alidhani anaambiwa juu ya ukavu wa watu wale. Alicheka hata, akamwambia watajifunza.

"Kule tunalima ndani ya nyumba za vioo," Mashaka alisema. "Nyumba ya nne ndiyo ya dawa. Wanapuliza ukungu juu ya miche, na sisi tumo ndani. Mke wangu bado yuko nyumba ya nne, mwalimu. Na yule binti yako, Tunu, wamemhamishia huko mwezi wa tano."

*

Huko Velani simu za wafanyakazi hukaa kwa msimamizi. Jumapili kila mmoja hupewa dakika kumi kwenye kibanda chenye skrini, na kwa miezi kumi na minne Sikudhani alikuwa akizitumia dakika hizo kama mzazi yeyote. Hujambo mwanangu? Habari za huko? Wazima wote? Afya? Kazi? Salamu za kwetu zina ngazi, na yeye hakuwahi kuruka hata ngazi moja. Kila swali lilijibiwa, na yeye akaenda kulala moyo wake mweupe. Sasa alijua alikuwa akifanya nini. Kila alipouliza alikuwa akimdidimiza binti yake kwenye ule utulivu, hatua kwa hatua, hadi Tunu akifika mwisho wa salamu hana tena la kusema.

Jumapili ile alikaa mbele ya skrini saa nzima kabla ya wakati, akiwa na karatasi ya maswali. Uso wa Tunu ulipotokea, alitamani kuigusa skrini. Midomo ya mtoto ilikuwa na rangi ya majivu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Lile neno la hujambo lilimjaa mdomoni, akalimeza. Tunu naye akangoja, na kwa jinsi alivyongoja ilionekana amezoea kulipokea pale pale, kama mtu anayenyoosha mkono apewe kikombe.

"Mama, mbona leo hunisalimii?"

"Nimeshakusalimia moyoni," alisema Sikudhani. "Leo nataka kuijua nyumba mnayolala. Ina ngazi?"

Tunu alishangaa kidogo, akasema ziko kumi na nne. Mama yake akamwambia amweleze anavyozipanda akitoka kazini. Tunu akafikiri. Akasema anapanda nne anakaa, anapanda tatu anakaa, mwishoni anakaa kwa kila moja. Alilisema bila kulalamika, kama anayetaja bei ya nyanya. Sikudhani akaandika. Akamwambia amtajie vitu vilivyo kitandani kwake, na Tunu akataja blanketi, na mito mitatu, miwili aliyoazima kwa Mwanamvua kwa kuwa siku hizi analala akiwa amekaa. Mwanamvua yeye halali kabisa, akaongeza, hukaa dirishani. Akamwambia amwonyeshe leso yake. Tunu aliitoa mfukoni akaishika mbele ya skrini, halafu yeye mwenyewe akaitazama ile leso kama anaiona kwa mara ya kwanza, madoa yake ya kahawia, na uso wake ukaanza kubadilika.

"Mama," alisema taratibu. "Alhamisi asubuhi tunapimwa. Nataka nimwambie daktari..."

Hapo Sikudhani alikosea. Alikuwa mama kabla ya kuwa kitu kingine chochote, na moyo ulimtangulia.

"Kifua kinakuuma, mwanangu?"

Alilijua kosa kabla hajamaliza. Akauona utulivu ukiingia usoni mwa binti yake, paji la uso likinyooka, mabega yakishuka, na leso ikirudi mfukoni.

"Hakuna tatizo, mama. Nashukuru," Tunu alisema, akatabasamu. Dakika zilizobaki walizungumzia harusi ya jirani.

*

Jumatatu na Jumanne Sikudhani hakuingia darasani. Alijifungia na mtambo wa kuandalia misemo, akatafuta namna ya kuufuta ule wa kwanza. Haikuwezekana. Nafasi ya msemo haiwezi kuachwa tupu. Ukiitoa, punje huijaza kwa msemo ulio jirani, na jirani wa huo ulikuwa ule wa niko tayari kuendelea na kazi. Aliwaza kuandika siko salama, nahitaji msaada. Akawaza watu elfu arobaini na moja walioko Velani, wazima kwa wagonjwa, wote wakisema wanaumwa kwa kuwa mwalimu wao kaamua hivyo, akaona ni ubaya ule ule, kama shati lililogeuzwa ndani nje.

Jumanne alasiri ndipo alipokumbuka lile ambalo hakulisisitiza. Akaandika: sijambo, nashukuru, ila. Akakata hapo. Baada ya ila punje haikuwa na neno wala utulivu wa kutoa, na mtu angebaki na mdomo wake wazi mbele ya daktari, aseme lake. Alijijaribia mwenyewe kwanza, kama desturi yake. Akajiuliza kwa sauti hali gani, na msemo ukatoka hadi kwenye ila, ukamwacha. Ukimya ule ulikuwa mrefu na ulitisha. Kisha akasema goti linaniuma, na machozi yakamtoka kwa ajili ya goti.

Sasisho lilihitaji ufunguo mmoja tu, wake. Lingefika kwenye punje zote kwa dakika chache. Lakini rasimu yoyote huonekana kwa Mkurugenzi pia, na Jumatano asubuhi Mkurugenzi huyo, Bwana Shekilindi, alimwita.

"Kaa, dada Sikudhani," alimwambia.

Alikuwa mtu mpole, mwenye mvi za heshima, na hakupandisha sauti kwa muda wote waliozungumza. Alikuwa ameisoma rasimu. Alisema ni nzuri, na kwamba aliyeiandika anaijua lugha. Kisha akaeleza yatakayotokea. Wavelani hukagua kila sasisho linalowahusu watu wote. Hutoka Jumatano tu, saa nane mchana, na likitoka leo, kufikia magharibi watakuwa wameliona na kulirudisha lilipotoka. Watakaokuwa wameulizwa hali ndani ya saa hizo chache, labda mia, labda mia mbili, watakuwa wamesema waliyonayo. Waliobaki watarudi kwenye msemo wa zamani, na chuo kitafungwa, na hakuna atakayepata tena nafasi ya kuugusa.

"Binti yako anaulizwa kesho asubuhi," alisema. "Atajibu kwa msemo wa zamani. Nami nina watoto, dada. Sipendi kukuambia hivi."

"Hao mia mbili ni watu, Mkurugenzi. Na wakisema mia mbili kwa siku moja, hata Mvelani atashtuka."

"Pengine. Pengine watasema punje zimeharibika." Akaisukuma rasimu kando. "Na hukuwauliza safari hii pia. Unawawekea maneno mdomoni mara ya pili."

"Nawawekea nafasi. Watakachokisema baada ya hapo ni chao."

Mkurugenzi alivuta droo, akatoa mkataba mpya wa Velani, wa miaka mitano, akaufungua kwenye ukurasa wa mwisho. Misemo yote mia tatu na kumi na mbili ilihitaji kuthibitishwa na mwandishi wake kuwa iko sawa. Ikishathibitishwa, ufunguo wa mwandishi hulala hadi mkataba uishe. Kisha akasema, kwa sauti ile ile, kwamba liko sasisho la aina nyingine, la mtu mmoja, la kutengeneza punje yenye hitilafu, na hilo halikaguliwi na yeyote. Angeweza kulituma sasa hivi, saini ikishawekwa. Rasimu yake ile ile, hadi kwenye ila, kwa Tunu Mhina wa nyumba ya nne.

"Yupo na mwingine," Sikudhani alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Mwanamvua Kilo. Wanalala chumba kimoja."

"Punje moja ni hitilafu. Mbili katika nyumba moja ni uchunguzi."

Sikudhani aliutazama mkataba. Alimwona Tunu akikaa kwenye ngazi ya nne. Alimwona na yule mwingine, akiwa mwanafunzi, akitafuna mahindi kwa siri na mashavu yamejaa, kisha dirishani, halali. Alijaribu kuwaona wote elfu arobaini na moja, lakini mtu hawezi kuwaona watu elfu arobaini na moja. Aliweza kumwona mmoja vizuri sana, na mwingine mmoja vizuri kiasi cha kumtosha kuaibika.

Ilipita robo saa. Mhudumu alileta chai, ikapoa. Wakati ule ndipo lilipomjia jambo dogo, kwamba asubuhi hii Mkurugenzi hakumsalimia. Alimwambia kaa. Akajaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho alipomuuliza hujambo, akarudi nyuma wiki, miezi, akapita miaka miwili, na hakuikumbuka siku hiyo. Kaa, dada. Karibu, dada. Pita, dada. Hakuwahi kumuuliza, kwa kuwa alijua jibu lake si la kuaminika.

Alitaka kumtupia lile jambo usoni. Badala yake akachukua kalamu, akaweka saini. Mkurugenzi alibonyeza kitu kwenye mtambo wake, akaugeuza ili naye aone kwamba limefika.

*

Alhamisi saa sita simu iliita, nje ya siku yake. Ilitoka hospitali. Tunu alikuwa amelazwa, ana mpira wa hewa puani, na nyuma yake aliketi muuguzi wa Kivelani mwenye uso wa mtu aliyegutushwa. Sikudhani hakungoja shikamoo. Alisema lile neno alilolimeza Jumapili.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, mama, nashukuru, ila," alisema Tunu, na akakwama. Mdomo wake ulibaki wazi. Sikudhani aliuona ukimya ule mrefu, akamngoja, akaiuma shali yake asimsaidie.

"Ila kifua kinaniwaka," Tunu akasema. "Kinaniwaka, mama. Tangu mwezi wa tano. Nilikuwa nataka kukuambia kila Jumapili." Akalia, na mama yake akalia, na yule muuguzi akatazama pembeni.

Watamrudisha nyumbani, alisema Tunu alipotulia. Daktari alikuwa amempima kwa mikono yake, pande zote. Wiki mbili, labda tatu, akipata nguvu ya safari. Alisema pia kwamba Mwanamvua alikuwa mbele yake kwenye foleni. Alimsikia akijibu. Alijibu vizuri, wakampa kadi yake, akarudi kazini.

Sikudhani alikuwa na furaha. Isisemwe kwamba hakuwa nayo; alimshukuru Mungu kwa sauti akiwa amekaa sakafuni, mtoto wake anaishi. Kisha akajipangusa uso, akazifunga shali zake vizuri, akatoka nje.

Mashaka alikuwa kwenye benchi. Alikuwa amekuja kila siku tangu Ijumaa, na kila siku aliambiwa mwalimu yumo kazini, analishughulikia. Alisimama alipomwona, akamwamkia, akaitikiwa. Hakumuuliza kitu. Alikuwa na adabu ya watu waliojifunza kutouliza. Alimsogezea nafasi kwenye benchi, akafungua daftari la bluu kwenye ukurasa mpya, akaandika kwa mkono wake wa kulia, polepole, kisha akaliweka mapajani mwa mwalimu wake pamoja na kalamu.

Imekuwaje, mwalimu? Nimwambie nini Mwanamvua Jumapili?

Ndani madarasani muhula mpya ulikuwa ukijibu swali. Sauti thelathini, kwa mkupuo mmoja, kisha kicheko. Mwalimu msaidizi aliwataka warudie, wakarudia.

Sikudhani alishika kalamu. Mkono ulikuwa wake, punje haikuwahi kuushika, na ukurasa ulikuwa mtupu, wenye nafasi ya kutosha kuandika yote, saini, droo, chai iliyopoa, miaka mitano. Mashaka alikuwa akimtazama kwa matumaini, kama mwanafunzi anavyomtazama mwalimu anapoelekea ubaoni. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kwa mdomo. Kifuani hapakuwa na utulivu wowote wa kuusingizia.

Akaandika maneno mawili, kwa ule mwandiko wake mzuri wa kialimu, akaweka na nukta.

Hakuna tatizo.